Maisha ya Pablo Casals, Mpiga Selo

Mara nyingi tunaposoma habari za watu mashuhuri, huwa ni habari za majemadari, watawala au wavumbuzi wa mitambo. Leo nataka kuwaelezeni habari za mtu ambaye hakuwa na jeshi, wala cheo cha serikali, wala kiwanda. Alikuwa mpiga muziki, na jina lake ni Pablo Casals.

Jambo moja katika maisha yake lanishangaza kuliko yote. Mtu huyu alitumia miaka mingi sana kujifunza kupiga selo, hata akahesabiwa kuwa hodari kupita wote wa zamani zake. Kisha, wakati ule ule ambapo miji mikubwa ilikuwa ikimwita, akaacha kwa hiari yake kupiga mbele ya watu. Katika habari hizi nitaeleza jinsi alivyojifunza na sababu ya kunyamaza kwake, na mwisho tutazame kama alifanya vema au la.

Selo ni kitu gani

Kwanza yafaa tukifahamu chombo chenyewe. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla. Wale waliopata kusikiliza taarabu ya Unguja wameisikia, maana vikundi vikubwa vya huko huipiga pamoja na fidla, udi na kanuni. Umbo lake ni kama la fidla, lakini urefu wake ni karibu sentimita 120, kwa hiyo haiwezi kuwekwa begani. Mpigaji hukaa kitini na kuiweka katikati ya magoti, na chini yake pana ncha ya chuma inayosimama sakafuni. Ina nyuzi 4. Mkono wa kulia huvuta upinde uliotiwa singa za farasi, na vidole vya mkono wa kushoto hubana nyuzi ili kupandisha au kushusha sauti. Sauti yake ni nzito na laini, yakaribia sauti ya mtu anayeimba.

Katika muziki wa Ulaya kazi ya selo kwa muda mrefu ilikuwa hasa kushikilia sauti za chini, ilhali fidla zikiimba juu. Walikuwako wapigaji hodari tangu zamani, lakini si wengi walioweza kukaa peke yao jukwaani na kuwafanya watu wasahau kwamba hapana chombo kingine. Casals alifanya kazi kubwa kuliko wote katika kubadili jambo hilo.

Utoto wake na selo ya kibuyu

Pablo Casals alizaliwa tarehe 29 Desemba, 1876, katika mji mdogo wa El Vendrell, katika nchi ya Katalonia, iliyo sehemu ya Hispania. Wakatalani wana lugha yao wenyewe, na kwa lugha hiyo jina lake ni Pau. Neno hilo lina maana mbili: ni jina la Paulo, na pia ni amani.

Baba yake, Carles Casals, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa kwaya. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa katika kisiwa cha Puerto Rico, na wazazi wake walikuwa Wakatalani. Nyumba haikuwa na mali, lakini muziki ulikuwamo asubuhi na jioni. Mtoto alijifunza kuimba, piano, fidla na kinanda cha kanisa kwa baba yake.

Siku moja walipita mjini wapiga muziki wa kutembea, na mmoja wao alikuwa na chombo cha ajabu, kama mpini wa fagio uliofungwa uzi. Mtoto alikipenda mno. Baba yake akamtengenezea chake, na badala ya sanduku la mbao akatumia kibuyu. Kwetu kibuyu ni kitu cha maji, togwa au maziwa, na pia baadhi ya ngoma na mazeze yetu hutengenezwa kwacho. Kwa hiyo sisi hatuwezi kukicheka chombo kile. Leo kimehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Casals huko Sant Salvador, karibu na El Vendrell.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 alisikia selo ya kweli kwa mara ya kwanza. Aliyeipiga alikuwa Josep García, mwalimu kutoka Barcelona. Tangu saa ile mtoto hakutaka chombo kingine. Lakini baba yake alisita. Yeye mwenyewe alijua kwamba muziki haujazi chungu, akaona heri mtoto ajifunze useremala. Mama yake hakukubali. Akasema mtoto amepewa kipaji, na kazi ya wazazi ni kukifuata kipaji hicho. Basi mwaka 1888 akamchukua mwanawe mpaka Barcelona, akamtia katika shule ya muziki ya mji, chini ya mwalimu yule yule García.

Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini

Siku zile wanafunzi wa selo walifundishwa kubana mkono wa kulia ubavuni. Ili mkono usisogee, walitakiwa kushika kitabu kwapani wakati wa kupiga, na kitabu kikianguka ni kosa. Casals aliona ya kuwa namna hiyo inamfunga mtu kama aliyetiwa kamba. Akaanza kuuacha mkono wake huru, ukaenda na upinde. Na kwa mkono wa kushoto, badala ya kuutelezesha mkono mzima juu na chini kila mara, akazoea kutanua vidole vifikie sauti iliyo mbali. Kwa njia hiyo kila sauti ilitoka safi, pasipo kuburuzika.

Yafaa tulitazame jambo hili vizuri sisi wanafunzi. Casals hakuasi kwa uvivu. Alikuwa akipiga kila siku, na jioni alifanya kazi ya kupiga muziki katika mkahawa mjini Barcelona ili apate fedha ya kujikimu. Alikwisha kufanya yale ya mwalimu kwanza, ndipo akaona mahali yanapopungua.

Mwaka 1890, baba yake alipokuja kumtazama, walikwenda wote wawili katika duka la karatasi za muziki karibu na bandari. Mtoto alikuwa akitafuta kitu kipya cha kupiga mkahawani. Katika rundo la karatasi za zamani akakuta kitabu cha muziki wa Johann Sebastian Bach, Mjerumani aliyefariki mwaka 1750. Kilikuwa na mafungu 6 ya muziki wa selo peke yake, na kila fungu lina vipande 6, jumla 36. Wapiga selo waliokijua kitabu hicho walikitumia zaidi kama mazoezi ya vidole, na kama walipiga mbele ya watu walichagua kipande kimoja tu.

Casals akaenda nacho nyumbani. Alikuwa na miaka 13. Akaanza kukisoma na kukipiga kila siku, na ilipita miaka 12 kabla hajathubutu kupiga fungu zima mbele ya watu. Miaka 12! Ni muda unaopita ule tunaokaa shuleni tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huyu aliinama kweli kweli. Matokeo yake ni kwamba vipande vile, vilivyohesabiwa kuwa mazoezi tu, leo hupigwa na kila mpiga selo mkubwa duniani.

Taabu na sifa

Mtunzi wa Kikatalani, Isaac Albéniz, alimsikia mkahawani akampa barua ya kumpeleka Madrid kwa Guillermo de Morphy, karani wa Malkia María Cristina. Malkia akampa kijana msaada wa fedha kila mwezi ili aendelee na masomo. Mwaka 1895 akapelekwa Brussels, Ubelgiji. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwalimu wa huko alimfanyia mzaha mbele ya darasa zima, akamwuliza kama aweza kupiga kipande hiki au kile, na kila Casals alipojibu kwamba aweza, wanafunzi wakacheka. Kisha akapiga, na kicheko kikaisha. Mwalimu akamtaka abaki. Casals akakataa, kwa kuwa alikuwa amedharauliwa, akaenda zake Paris pamoja na mama yake na ndugu zake wadogo.

Kukataa huko kuliwagharimu, maana msaada wa Malkia ulikatwa. Huko Paris Casals alipata kazi ndogo katika ukumbi wa michezo, na mama yake akawa anashona nguo za watu. Casals alisimulia kwamba siku moja mama yake alirudi nyumbani hana nywele zake ndefu: alikuwa amekwenda kuziuza. Kijana akaugua, na jamaa ikarudi Barcelona, ambako alipewa nafasi ya mwalimu wake García, aliyekuwa ameondoka.

Mwaka 1899 mlango ulifunguka. Alipiga mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza, na mwaka huo huo akapiga mjini Paris na okestra ya Charles Lamoureux. Toka hapo akaenda karibu kila upande wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1904 alipiga katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Na kuanzia mwaka 1905 alishirikiana na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud, wote Wafaransa, nao watatu wakawa na sifa kubwa.

Utajiri haukumsahaulisha kwao. Mwaka 1919 alianza kuunda okestra yake mjini Barcelona, na kwa miaka kadhaa aliilipa kwa fedha yake mwenyewe. Tena akasaidia kuanzisha chama cha muziki cha wafanyakazi. Watu wa viwandani walilipa ada ndogo tu, wakapata kusikia muziki ule ule waliousikia matajiri.

Vita na ukimbizi

Mwaka 1933 Hitler alipotwaa mamlaka Ujerumani na Wayahudi wakaanza kuteswa, Casals alikataa kwenda kupiga huko, ingawa mwongoza okestra mashuhuri Wilhelm Furtwängler alimwalika.

Kisha moto ukafika nyumbani. Tarehe 18 Julai, 1936, Casals alikuwa ukumbini Barcelona akiwafanyisha mazoezi wapigaji na waimbaji wake. Walikuwa wakitayarisha Simfonia ya Tisa ya Beethoven, ambayo mwisho wake ni wimbo wa undugu wa watu wote. Habari ikaja kwamba majemadari wameasi serikali na kwamba watu watawanyike upesi. Casals alisimulia kwamba aliwauliza kama wangependa kumaliza kwanza, kwa kuwa haijulikani watakutana tena lini. Wakaimba mpaka mwisho, ndipo wakaagana.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu mpaka mwaka 1939. Katika miaka hiyo hiyo Casals aliyatia mafungu yote 6 ya Bach katika santuri, London na Paris, na kazi hiyo yasikilizwa hata leo. Jenerali Francisco Franco akashinda, na lugha ya Kikatalani ikazuiwa shuleni na katika ofisi za serikali. Watu karibu nusu milioni wakakimbilia Ufaransa, na wengi wao wakawekwa katika kambi za wakimbizi zenye shida kubwa.

Casals naye akawa mkimbizi katika mji mdogo wa Prades, upande wa Ufaransa, karibu na mpaka. Kwa jina alilokuwa nalo angaliweza kwenda Marekani akaishi kwa raha. Akabaki pale. Akawa anaandika barua nyingi sana kwa marafiki duniani kote, akiomba fedha, chakula na nguo kwa ajili ya watu wa kambini, na mara nyingine akipeleka vitu mwenyewe. Wajerumani walipoitwaa Ufaransa, maofisa wao walimfuata wakimtaka aende kupiga Berlin. Akakataa.

Kunyamaza

Vita vya dunia vilipokwisha mwaka 1945, Casals alikwenda Uingereza akapokewa kwa shangwe. Alitumaini kwamba mataifa yaliyomwangusha Hitler hayatamwacha Franco, aliyekuwa rafiki yake Hitler. Alipoona kwamba serikali hizo hazina nia hiyo, alivunjika moyo. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilitaka kumpa shahada za heshima, akazikataa. Akarudi Prades, akatangaza kwamba hatapiga tena mbele ya watu maadamu nchi kubwa zinamkubali mtawala yule.

Na hapa ndipo penye swali nililolitaja mwanzo. Je, alifanya vema?

Wako watakaosema la. Watasema: watu waliolipa nauli na tikiti ili wamsikie hawakumkosea lolote. Franco hakudhurika kwa sababu selo moja imenyamaza. Alitawala mpaka alipokufa mwaka 1975. Aliyepata hasara ni Casals mwenyewe, mzee wa miaka karibu 70, ambaye kila mwaka unaopita vidole vyake vilikuwa vikizeeka, na miaka hiyo haiwezi kurudishwa. Hoja hizi zina nguvu, wala si haki kuzipuuza.

Lakini mimi naona kuna mambo mawili yanayozijibu. La kwanza, Casals hakuwaamuru watu wengine waumie kwa ajili ya imani yake. Alitoa kitu chake mwenyewe, tena kile alichokipenda kuliko vyote, ambacho mama yake alikiuzia nywele. Ni rahisi mtu kukataa jambo asilolipenda. Huyu alikataa pumzi yake. La pili, kunyamaza kwake hakukuwa kukaa bure. Aliendelea kufundisha, kutunga na kuwahudumia wakimbizi, na kila aliyeuliza sababu ya mzee huyu kutosikika alilazimika kuambiwa habari za Hispania. Kimya chake kikawa kikumbusho kwa dunia iliyotaka kusahau.

Mwaka 1950, ulipotimia mwaka wa 200 tangu Bach afariki, rafiki zake, wakiongozwa na mpiga fidla Alexander Schneider, walipata shauri. Kwa kuwa Casals haendi duniani, dunia na imfuate Prades. Akakubali. Wapiga muziki wakubwa wakaja katika mji ule mdogo, na Casals, mwenye miaka 73, akapiga tena kanisani mbele ya watu.

Tusimfikirie kuwa alikuwa mtu asiyejua kusamehe. Yule rafiki yake wa zamani Cortot alikuwa ameitumikia serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, na yeye mwenyewe alikwenda Ujerumani kupiga wakati wa vita. Mwaka 1958 wazee hawa wawili walikaa tena pamoja huko Prades, wakapiga.

Miaka yake ya mwisho

Katika miaka hiyo ya 1950 alihamia Puerto Rico, nchi aliyozaliwa mama yake. Mwaka 1958 alipiga katika Umoja wa Mataifa, New York, na muziki wake ukatangazwa redioni katika nchi nyingi. Tarehe 13 Novemba, 1961, alipiga tena katika Ikulu ya Marekani, safari hii mbele ya Rais John Kennedy, miaka 57 baada ya ile mara ya kwanza. Watu wengine walishangaa, kwa kuwa Marekani ilikuwa na uhusiano na Franco. Yeye alikwenda kwa sababu alimheshimu Kennedy na kumtumaini. Labda tuseme kwamba hata mtu mwenye msimamo hupima kila jambo kwa mizani yake, wala hafuati kanuni kama saa ya ukutani.

Mwaka 1971, akiwa na miaka 94, alirudi Umoja wa Mataifa na wimbo alioutunga kwa ajili ya Umoja huo, akapewa nishani ya amani. Siku ile pia alipiga wimbo wa kienyeji wa Kikatalani uitwao Wimbo wa Ndege, ambao tangu ukimbizini alikuwa na desturi ya kumalizia nao.

Alifariki Puerto Rico tarehe 22 Oktoba, 1973, akiwa na umri wa miaka 96. Franco alikuwa angali madarakani, kwa hiyo Casals hakupata kuiona nchi yake ikiwa huru. Lakini mwaka 1979 mifupa yake ilirudishwa El Vendrell, na leo watoto wa Katalonia wanasoma Kikatalani shuleni.

Mafunzo kwetu

Wengi wetu hatutapiga selo maishani mwetu, wala si lazima. Hata hivyo kila mmoja wetu anajifunza kazi fulani: mmoja hesabu, mwingine useremala, mwingine uuguzi au ualimu. Casals atufundisha kwanza kwamba kazi njema hudai subira, wala si aibu kukaa miaka 12 na kitabu kimoja. Pia atufundisha kwamba ufundi wa mikono haumwondolei mtu wajibu wa kuuliza mikono hiyo inamtumikia nani. Mtu akiwa fundi mkubwa lakini yu tayari kumpigia yeyote alipaye, ufundi wake ni bidhaa tu. Akiweza kusema hapana siku inapopasa, na kulipa gharama yake mwenyewe bila kumtwisha jirani, basi ufundi huo umekuwa heshima.